Ushongo, Hoteli Ikiwa Bado Kamba na Vigingi

"Karibu mapokezi," rafiki yangu aliniambia, akanyoosha mkono kuelekea mwembe mmoja mkubwa. Chini ya mwembe palikuwa na benchi la mbao lililotapakaa saruji kavu, madumu manne ya maji, baiskeli iliyolala ubavu, na kuku wawili wa jirani wakiparura mchanga bila haraka. Nikavuka kamba nyeupe iliyopita usawa wa magoti ili nimfuate. Akageuka upesi. "Aah, hapo umeingia bwawani, bwana! Zunguka, pitia baa."

Nikazunguka. Bwawa lilikuwa mstatili wa chokaa juu ya nyasi. Baa ilikuwa vigingi sita na mfuko wa saruji uliopasuka. Nyuma ya baa, minazi. Nyuma ya minazi, Bahari ya Hindi, imejaa, kimya, ya buluu isiyo na jina.

Huyu ni rafiki niliyesoma naye, siku hizi msimamizi wa saiti. Kwa miezi miwili alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa: njoo uone hoteli tunayojenga Ushongo, kusini ya Pangani. Nimelala katika hoteli nyingi za pwani yetu, nyingine za kifahari, nyingine za kuombea asubuhi ifike. Zote nilizikuta zimekwisha. Hii ndiyo ya kwanza niliyoikuta ikiwa bado kamba na vigingi, nami nimerudi nikiamini kwamba huu ndio wakati wa kuitembelea hoteli. Kuta zikishasimama, mgeni huangalia kuta. Zisipokuwepo, hana budi kupaangalia mahali penyewe.

Na mahali penyewe, ndugu msomaji, panastahili kuangaliwa.

Nilianzia Tanga mjini alfajiri, kwa kosta iliyojaa wagosi, wenyeji wa huku, waliokuwa wakirudi na magunia matupu ya nazi. Kutoka Tanga hadi Pangani ni kilomita 50. Waliozoea njia hii watakuhadithia vumbi la kiangazi na tope la masika, na jinsi kilomita hizo chache zilivyoweza kumaliza asubuhi nzima. Sasa ni kipande cha barabara ya pwani ya kilomita 256, inayokusudiwa kuunganisha Tanga na Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani, ili msafiri wa Dar es Salaam asilazimike tena kuzungukia Chalinze na Segera. Ubovu wa njia ndio uliozilinda fukwe hizi miaka yote. Wenye kutafuta viwanja wameliona hilo, wala hawakungoja lami iishe.

Tongoni, kama kilomita 17 kutoka Tanga, nilimwambia konda anishushe, nitapanda gari la nyuma. Ukitaka kuona saiti ya ujenzi, ni adabu kwanza kuwaamkia waliojenga kabla. Tongoni kuna msikiti uliobaki kuta na makaburi zaidi ya 40 ya karne ya 14 na 15, mengi yakiwa ya nguzo. Hakuna mahali pengine katika pwani ya Afrika Mashariki palipokusanya makaburi ya nguzo mengi kiasi hicho. Karibu na hapa ndipo jahazi la Vasco da Gama liitwalo São Rafael lilipokwama kwenye fungu mwaka 1498. Mwaka uliofuata, msafara ulipokuwa ukirudi Ureno, likachomwa moto kwa kukosa mabaharia wa kuliendesha. Mji uliokuwa hapa ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Niliweka kiganja juu ya ukuta mmoja. Ndani ya jiwe bado unaona vijitundu vya tumbawe, kama sega la nyuki, na chokaa imeshikamana nalo mpaka huwezi kusema kimoja kinaishia wapi. Miaka 500 ya chumvi na upepo haijaumaliza.

Kosta ya pili ilinipitisha Kigombe, kijiji cha wavuvi. Katika maji marefu ya upande huu anaishi silikanti, samaki aliyedhaniwa alitoweka pamoja na dinosaria, hadi alipovuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu 2009 bahari hii ni Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Konda alinionyesha maji kwa kidole, akasema kwa fahari ya mwenye nyumba, "Huyo samaki ni wetu, ila haliwi."

Kisha Pangani. Mji umekaa pale mto unapomalizia safari yake. Maji yameteremka kutoka Kilimanjaro na Meru, yamezungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, Hale na Pangani, na yakifika hapa ni mapana, mazito, yana rangi ya chai ya maziwa. Mjini bado zipo nyumba za kale zenye milango ya nakshi na vyumba vyembamba, virefu. Wembamba ule ulitokana na mkoko. Dari ilibebwa na boriti, na boriti nzuri ya mkoko haizidi sana mita 3. Fundi akakipa chumba upana ambao mti uliweza kuuvuka. Mji huu pia una kumbukumbu ndefu juu ya wageni wanaokuja kushika ardhi. Hapa ndipo Bushiri bin Salim alipoongoza watu wa pwani dhidi ya kampuni ya Wajerumani mwaka 1888, na hapa ndipo aliponyongwa Desemba 1889.

Mto tuliuvuka kwa kivuko. Daraja la mita 525 lilikuwa likijengwa, nguzo zake zikichomoza majini kama meno ya kitana. Kwenye kivuko tulipangana: bodaboda, akina mama na matenga ya samaki, wanafunzi, na lori moja lililobeba kokoto hadi likainamia nyuma. Nikamwamkia dereva, nikamuuliza aendako. "Ushongo, kuna saiti ya hoteli huko." Nikacheka. "Panda, mjomba," akasema. Hivyo ndivyo nilivyokwenda hotelini, juu ya kokoto za sakafu yake.

Ng'ambo ya mto ni Bweni, halafu njia inaingia mashambani. Mkonge umesimama kwa mistari kama askari wa gwaride. Karibu na hapa ni Kikogwe, na jina hilo si dogo katika historia yetu. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe. Kutokana na hiyo Tanganyika ikaja kuwa nchi ya kwanza duniani kwa katani. Dereva wa lori alikuwa hajali sana habari za Hindorf. Alikuwa anahesabu mashimo ya barabara na kulaani taratibu, kistaarabu, kila moja kwa zamu yake.

Mkonge ukakoma, minazi ikaanza, na hewa ikabadilika. Kabla sijaiona bahari nilikuwa nimeshainusa: chumvi, moshi wa makumbi, samaki anayekaushwa. Ufukwe wa Ushongo ni mrefu, wa mchanga laini wa rangi ya unga wa muhogo. Maji yakitoka, yanaacha uwanja mpana uliolowa unaong'aa kama sahani, na watoto wanauvamia kwa mpira. Ngalawa zimelala kwa ubavu zikingoja. Minazi mingine imeinama mbele kwa miaka mingi mpaka kichwa chake kiko juu ya maji. Zipo hoteli ndogo chache za makuti, zimejificha kiasi kwamba ukipita kwa mashua unaweza usizione. Hakuna kelele. Nilipouliza usiku huwa kuna nini, kijana mmoja alifikiri sana, kisha akajibu, "Huwa kuna usiku."

Saiti ilikuwa na mafundi wanane na vibarua kama ishirini. Kilichokuwa kimeanza kweli ni jengo la jiko: msingi umechimbwa, nondo zimefungwa, mbao zimepigwa, siku hiyo wanamwaga zege. Kila mtu alikuwa na mahali pake. Wawili wanachota kokoto niliyokuja nayo, wawili mchanga, mmoja anakata mifuko ya saruji kwa ncha ya koleo, na fundi mkuu anahesabu kwa sauti: moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Karai zinapita mkono kwa mkono, kwa mdundo, na aliyechelewa anachekwa na mstari mzima.

Nilimuuliza rafiki yangu swali ambalo nadhani kila mgeni huuliza. Mbona mnaleta mchanga kwa lori ilhali mmekaa juu ya mchanga? Akaokota konzi ya mchanga wa ufukweni, akaulamba, akanipa nami. Chumvi. "Ukiuweka huu kwenye zege, nondo inaanza kula kutu ndani kwa ndani," akasema. "Kutu inavimba, zege linapasuka, na wewe uko juu umelala. Tena mchanga huu si wa mtu. Ukichota lori moja hapa, bahari inakuja kulidai." Maji nayo ni hivyo hivyo. Kisima walichochimba karibu na ufukwe kilitoa maji ya magadi, kwa hiyo ya kujengea wanayaleta kutoka kisima cha juu, kijijini, na zege likishashika linamwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku 7, kama bustani ya mchicha.

Paa litakuwa la makuti, na makuti yalikuwa yameshaanza kazi kabla ya paa. Kijijini nilikuta baraza nzima ya akina mama na wazee wawili wakishona makuti ya viungo. Unachukua ufito wa karibu mita moja, unakunja jani la mnazi juu yake, unalipandishia jingine, unashona kwa ukambaa, unaendelea hadi ufito ujae. Vidole vyao havikungoja macho. Waliniangalia mimi, wakaniuliza habari za Tanga, bei ya sukari, na kama nimeoa, na kuti likaendelea kukua mapajani. Bi mkubwa mmoja alinieleza siri ya paa. Makuti yakipangwa karibukaribu, paa litakaa miaka. "Yakipangwa kwa ubahili, mwanangu, masika ya pili yanakukuta umeshika ndoo." Boriti, hata hivyo, hazitakuwa za mkoko. Mikoko ya mdomo wa mto ni kitalu cha samaki na kamba, na kuikata kunahitaji kibali. Mradi umeagiza mirunda ya mkaratusi. Vyumba kwenye ramani vina mita 6 kwa 5. Nikawakumbuka mafundi wa Pangani waliopimiwa chumba na mti.

Mchana tulikula hotelini. Naam, hotelini, kwa maana ya neno hilo tunayoijua sote: banda la mama ntilie upande wa barabara, mafiga matatu, sufuria mbili, mabenchi mawili. Wali wa nazi, maharage ya nazi, na kolekole wa kukaanga aliyekuwa baharini asubuhi hiyo. Mama ana daftari la shule lenye majina ya mafundi wote, na Jumamosi wakilipwa anasimama njiani nalo. Nilimtania kwamba sasa atapata mshindani mkubwa. Akafuta mikono kwa kanga, akaiangalia ile mistari ya chokaa. "Hoteli yao haijafunguliwa, baba. Yangu imefunguliwa tangu walipokuja kupima." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba wameahidi kununua mboga na samaki kijijini mradi ukianza kazi. "Ahadi nimeisikia. Nangoja kuiona kwenye kikapu."

Jioni ndipo nilipoona jambo lililonifanya niandike makala haya.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Injinia wa mradi, kijana makini, alikuwa amezipima hizo mita 60 mwezi Januari, akapiga kigingi chekundu, na mstari wa mbele wa vyumba ukachorwa nyuma yake. Mambo yalikuwa shwari. Mimi nimefika Februari, kaskazi likivuma. Jua lilipopungua alikuja mzee mmoja mvuvi, kofia ya kiua kichwani, kasia begani. Tukamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, wanangu." Akasimama kwenye kigingi chekundu kama mtu anayesoma kaburi la asiyemfahamu.

"Hiki mmepima kutoka wapi?"

"Kutoka maji yanapofika yakijaa, babu," injinia akajibu, akamwonyesha mstari wa mwani mkavu.

"Mwezi gani?"

"Januari."

Mzee akaweka kasia chini. "Januari bahari inakuja kama mgeni mwenye haya, viatu mkononi. Ngojeni bamvua la Machi, na lile la Septemba. Hapo inakuja na ndugu zake." Akatembea kuelekea bara, polepole, macho chini. Nasi tukamfuata kama watoto wa chuo. Hatua tano, kumi. Alipofika hatua ya kumi na moja alisimama kwenye mnazi ambao mizizi yake upande wa bahari ilikuwa wazi, nyekundu, imening'inia kama nyuzi za mkeka uliochakaa. Akafukua kwa kidole cha mguu. Chini ya majani makavu kulikuwa na mchanga mweupe, na ndani ya mchanga vipande vya kombe, bua la mwani lililokuwa gumu kama waya, na nusu ya kandambili ya buluu.

"Hii kandambili haikuja kwa miguu," mzee akasema.

Hakuna aliyecheka mara moja. Injinia alichuchumaa, akaishika ile kandambili, akaigeuzageuza. Nilitazamia abishane, ana shahada, ana darubini ya kupimia, ana ramani yenye mhuri. Badala yake akamwuliza mzee, "Babu, tukirudisha mstari hapa, itatosha?" Mzee akasema bahari haimpi mtu hati, lakini hapo yeye angejenga. Simu ikapigwa kwa mwenye mradi, ikaongelewa muda mrefu kando ya mwembe. Kisha vibarua wakaitwa, wakang'oa vigingi. Kamba ya vyumba ikarudi nyuma hatua kumi na moja. Baa ikahama. Bwawa likafutwa kwa ufagio wa chelewa na kuchorwa upya, na wale kuku wawili wakalazimika kutafuta mahali pengine.

Nimeona hoteli zilizojengwa kwa haraka, zikaja kumwaga mawe na mifuko ya mchanga mbele ya veranda zao mwaka baada ya mwaka, kama mtu anayeziba mtumbwi kwa kiganja. Hii ilihama jioni moja, kwa sababu bado ilikuwa nyepesi kiasi cha kubebwa na vijana wanne. Baada ya zege huwezi tena.

Usiku nililala chumba namba 4. Rafiki yangu alinipa godoro na chandarua, akakifunga kwenye vigingi viwili na fito mbili, ndani ya mstatili wa kamba wa mita 6 kwa 5. Nilikuwa mgeni wa kwanza kulala hoteli hiyo, na sikuandikiwa bili. Mlango ulikuwa upande wa mashariki, kwa hiyo niliingia kwa mlango. Nilihisi si heshima kupita ukutani. Minazi ilichakarisha majani juu yangu kama watu wanaokunja mikeka. Nyota zilikuwa nyingi kiasi cha kumfanya mtu wa mjini aone aibu, kama vile alikuwa akinyimwa kitu na hakujua kudai. Baadaye bahari ilijaa. Sikuisikia ikija. Niliamka tu nikakuta sauti yake iko karibu, pana, haina fujo. Nikalala nikijua iko hatua ngapi.

Asubuhi tulikwenda Maziwe, kisiwa kilicho karibu na pwani hii, kwa mashua ya mashine. Inabidi uende maji yakiwa yametoka, kwa sababu yakijaa kisiwa hakipo. Nasema kweli: hakipo. Ni fungu jeupe la mchanga lenye matumbawe pembeni, na bamvua likija linalifunika lote. Pomboo walitusindikiza kitambo. Tulivaa miwani ya kuogelea, tukazama kidogo, na chini kulikuwa na bustani: matumbawe ya rangi ya zafarani na ya zambarau, samaki wadogo wenye mistari wakipita makundi makundi kama wanafunzi waliotoka shule. Nilipotoka majini nilikaa juu ya mchanga ule mtupu, ambao usingempa kivuli hata kaa, na nahodha akatuambia habari zake.

Maziwe kilikuwa na msitu wa mivinje. Kilikuwa mahali mashuhuri pa kutagia kasa, na ng'amba pia, katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Wavuvi wanasema mivinje ilikatwa, na mizizi iliyoshika mchanga ikaenda nayo. Wapo wanaotaja pia mikondo na mawimbi. Katika miaka ya 1970 bahari ilikula ukingo, miti ikaanguka, na ilipoingia miaka ya 1980 kilikuwa kimeshabaki fungu hili tulilokalia. Kasa hawakupata barua ya kuwaarifu. Bado wanakuja, wanachimba, wanataga, na maji yakijaa mayai yanazama. Kwa hiyo wenyeji wanaolinda kasa huyahamisha mayai, huyafukia upya katika ufukwe wa Ushongo, huyazungushia uzio, na baada ya siku kama 50 au 60 watoto wa kasa hutoka mchangani na kukimbilia majini.

Wanakimbilia penye mwanga. Usiku, baharini ndiko kwenye mwanga wa asili. Taa kali ikiwaka nyuma yao, wanageuka na kuifuata taa hadi wakauke barabarani. Rafiki yangu aliponionyesha ramani ya umeme wa hoteli, nilielewa kwa nini taa zote za njia ni fupi, za usawa wa goti, zimegeuzwa kuelekea bara. Kwenye karatasi jambo hilo lilionekana dogo. Baada ya Maziwe lilikuwa ndilo jambo kubwa kuliko bwawa.

Tulirudi mchana. Kwa mbali, kutoka baharini, Ushongo ni mstari wa kijani juu ya mstari mweupe. Nilitafuta saiti nisiione. Niliona tu moshi mwembamba wa mama ntilie ukipanda katikati ya minazi. Nikamwambia rafiki yangu kwamba akimaliza kujenga na bado isionekane kutoka hapa, nitamsifu gazetini. Basi namsifu kabla, na nitarudi kuhakikisha.

Watu wa Tanga wana usemi wao kwa mgeni mwenye haraka: waja leo, waondoka leo? Usiende Ushongo kwa safari ya namna hiyo. Ukitoka Dar es Salaam, mabasi ya Tanga hupitia Segera na Muheza. Tanga utapata kosta za Pangani, na ukivuka mto bodaboda zipo. Epuka masika, Machi hadi Mei. Juni hadi Oktoba kuna ubaridi wa kusi, na Desemba hadi Februari bahari ni tulivu zaidi kwa kwenda Maziwe. Waulize wavuvi saa za maji kabla ya kukodi mashua. Beba fedha taslimu, vaa nguo ya heshima unapopita kijijini, na uwaamkie watu; ndiyo tiketi halisi ya mahali hapa. Ukiwa na nafasi, kula kwa mama ntilie hata kama umelipia chakula hotelini.

Jambo la mwisho ni hesabu. Mita 60 ni kama hatua 80 za mtu mzima. Hoteli yoyote ya ufukweni utakayolala upande wetu wa bara, shuka ngazi asubuhi, tafuta mahali bamvua linapoishia, si maji ya leo, halafu zihesabu hatua zako kurudi. Zikipungua 80, muulize meneja kigingi kilipigwa mwezi gani.